Sikuwepo, sikuweko

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, nikiyapokea maneno ya mtu mmoja na kumfikishia mwingine. Nilikuwa karani wa mahakama ya hakimu huku Pwani ya Kenya. Kwetu karani ndiye mkalimani, ndiye anayeita kesi, ndiye anayewaapisha mashahidi, na ndiye anayehangaika kutafuta faili saa tatu asubuhi watu wameshajaa kwenye mabenchi. Sasa nimestaafu. Lakini kuna neno moja nililolitafsiri vibaya miaka ya tisini ambalo mpaka leo hunijia nikiwa peke yangu, na kwa sababu yake nilikisoma kifungu kimoja cha sheria, kile cha upande wa mashtaka kuleta ushahidi mpya baada ya mshtakiwa kujitetea, kuliko kifungu kingine chochote maishani mwangu.

Neno lenyewe ni "sikuweko".

Mshtakiwa alikuwa kijana mvuvi. Alidaiwa kuwa usiku mmoja, kiasi cha saa nane, aliiba mashine ya boti kwenye bandari ndogo ya wavuvi. Mashine ya boti si kitu kidogo. Mwenye nayo alikuwa mzee aliyeilipia kwa miaka, na ilipoondoka ilikwenda na riziki ya nyumba nzima. Kijana hakuwa na wakili. Wengi waliopita mbele yangu hawakuwa nao. Alisimama kizimbani na shati lake jeupe la Ijumaa, mikono ameishika nyuma, na ilipofika zamu yake ya kumuuliza maswali shahidi wa kwanza, mlinzi wa bandari, aliuliza swali moja tu:

"Wewe uliniona vipi usiku ule, na mimi hata sikuweko?"

Mtu wa Pwani anajua tofauti. Akisema "sikuwepo", anakusudia pale palipotajwa, penye mashua na kamba. Akisema "sikuweko", anajiondoa katika mji mzima. Shuleni tunafundishwa po, ko na mo, halafu tunasahau kwamba kuna siku silabi moja inaweza kuwa uhuru wa mtu. Sheria inaruhusu mahakama za chini kutumia Kiswahili au Kiingereza, ila mahakimu niliofanya nao kazi karibu wote waliandika kwa Kiingereza. Kiingereza hakina neno moja la kubeba tofauti hiyo. Nilikuwa nimechoka, kesi zilikuwa nyingi, nikamfikishia hakimu maneno yenye maana ya "sikuwa pale". Mlinzi akajibu, "Ulikuwepo, nilikumulika tochi." Hakimu akaandika jibu. Swali hakuliandika, kwa sababu ndivyo kumbukumbu za mahakama zilivyoandikwa: shahidi anaulizwa, na kinachobaki kwenye karatasi ni jibu lake.

Miezi ikapita. Kesi ikatajwa, ikaahirishwa, shahidi hakufika, faili halikuonekana, ikaahirishwa tena. Hatimaye mwendesha mashtaka, ambaye siku zile alikuwa inspekta wa polisi, alisema maneno niliyoyasikia mara zisizo na hesabu: "Mheshimiwa, huo ndio mwisho wa kesi yetu."

Hapa ndipo mahali ambapo, kwa maoni yangu, haki ya mshtakiwa iko wazi kama kidonda. Upande wa mashtaka ndio unaoanza, kwa sababu ndio uliomshika mtu. Ukimaliza, hakimu anatazama kama kuna kesi ya kujibu. Kama haipo, kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kinamwachilia mshtakiwa hapo hapo. Kama ipo, kifungu cha 211 kinamtaka hakimu amweleze njia zake: kujitetea kwa kiapo na kuulizwa maswali, au kusema bila kiapo asiulizwe na mtu, na kuita mashahidi wake kama anao. Na anaweza kunyamaza. Nimeyatafsiri maneno hayo mpaka nikawa nayasema usingizini. Kila mara nilimwona mtu akiyapima: aseme, asiseme? Anapima kwa kuangalia kile alicholetewa. Amewasikia mashahidi wote, amekiona kila kielelezo, sasa anaamua. Kama upande wa pili umemficha shahidi mwingine, ukingoja mshtakiwa afungue kinywa ndipo umtoe, basi uamuzi ule haukuwa uamuzi. Ulikuwa mtego.

Kijana aliamua kuapa. Akashika Msahafu, akasema usiku ule alikuwa Vanga, mpakani kabisa na Tanzania, kwenye msiba wa mjomba wake, akalala huko siku tatu.

Inspekta akainuka kabla kijana hajakaa. Akaomba ruhusa ya kuleta ushahidi wa kujibu. Watu wawili: mzee mmoja kutoka Vanga wa kuja kusema msiba ule ulikuwa umekwisha wiki moja kabla, na fundi mmoja wa mashine wa kuja kusema kwamba kijana alimletea mashine ile aiuze. Kifungu alichokitaja kilikuwa cha 212.

Kifungu hicho ni kifupi. Kinasema kwamba mshtakiwa akileta katika utetezi wake jambo jipya ambalo mwendesha mashtaka asingeweza kuliona likija hata kama angefanya bidii ya kadiri, mahakama yaweza kumruhusu alete ushahidi wa kulipinga jambo hilo. Kwa kesi za Mahakama Kuu kuna kifungu cha 309 chenye maneno karibu yale yale. Ni sentensi moja tu, lakini ukiisoma polepole utaona milango mingi imefungwa ndani yake. Jambo liwe limetoka kwa mshtakiwa. Liwe jipya. Liwe halikuonekana likija, na kipimo si kama wewe mwendesha mashtaka ulishtuka; kipimo ni kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri naye angeshtuka. Hata hayo yote yakitimia, mahakama "yaweza" kukuruhusu, hailazimiki. Na ukiruhusiwa, unajibu jambo hilo tu. Huruhusiwi kurudi na gunia zima la ushahidi uliousahau nyumbani.

Sheria hii ni ya zamani kuliko Kenya yenyewe. Tarehe 4 Novemba 1839 maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wachimba makaa na wafua vyuma, waliteremka kwenye mji wa Newport, kusini mwa Wales, wakidai haki ya kupiga kura. Askari waliokuwa ndani ya hoteli ya Westgate wakafyatua risasi, wakafa watu zaidi ya 20. John Frost, mfanyabiashara wa nguo aliyewahi kuwa meya wa mji huo huo, alishtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake, na kesi ikasikilizwa Monmouth mwisho wa mwaka ule na mwanzo wa 1840. Humo ndimo Jaji Tindal alimosema maneno yanayonukuliwa mpaka leo: kwamba upande ulioanza kesi husimama au huanguka kwa ushahidi ulioutoa, na hauwezi kuita mashahidi wapya kwa sababu tu umepingwa, ila likizuka jambo ambalo hakuna akili ya binadamu ingeweza kuliona likija, basi si haki kuuzuia usilijibu. Wanasheria waliliita kwa Kilatini, ex improviso, jambo lililozuka ghafla.

Frost alihukumiwa kifo cha kinyama cha wahaini, kisha adhabu ikageuzwa akasafirishwa hadi Tasmania, akaja kusamehewa miaka mingi baadaye. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa nayo kwa muda. Kanuni ya kumlinda mshtakiwa ilitamkwa wazi katika kesi ya mtu ambaye dola nzima ilitaka kumnyonga. Sidhani kwamba ni bahati tu. Pale ambapo dola ina hamu kubwa ndipo mtu anapohitaji kujua ni wakati gani dola imemaliza kusema.

Kumbuka pia kwamba maneno ya Tindal ni makali kuliko yetu. Yeye alitaka jambo lisiloonekana kwa akili yoyote ya binadamu. Majaji wa Uingereza waliomfuata walikilegeza kipimo hicho, na sheria yetu, iliyoandikwa wakati wa ukoloni, inataka bidii ya kadiri tu. Kipimo chetu ni cha mtu wa kawaida ofisini, mwenye mafaili mengi na gari moja la polisi lisilo na mafuta. Napenda kwamba ni cha kawaida. Ila cha kawaida si sawa na cha uvivu.

Mfano mzuri kuliko yote niujuao ni wa 1940, kesi ya mtu aitwaye Day huko Uingereza. Alishtakiwa kwa kughushi hundi. Upande wa mashtaka ukafunga kesi yake bila kuleta mtaalamu wa mwandiko. Mshtakiwa alipokwisha kujitetea, jaji akauruhusu umlete mtaalamu huyo. Day akapatikana na hatia, na mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu ile. Sababu yake mtoto anaielewa: unamshtaki mtu kwa kughushi hundi, halafu unashangaa anapokana kwamba mwandiko ni wake? Ulitaka akane nini? Ushahidi wa mwandiko ulikuwa nguzo ya kesi, na nguzo haisimamishwi baada ya paa.

Hakimu wetu hakuitaja kesi hiyo, lakini fundi wa mashine alimkataa kwa sababu hiyo hiyo, na hakuchukua hata dakika mbili. Alimuuliza inspekta: fundi huyu anajibu jambo gani jipya alilolisema mshtakiwa? Mshtakiwa amesema alikuwa Vanga. Hakusema lolote juu ya mafundi wala mauzo. Fundi ni shahidi wa wizi wenyewe, na wizi wenyewe ulitakiwa uthibitishwe wakati kesi ya mashtaka ilipokuwa wazi. Inspekta akasema fundi alipatikana kwa kuchelewa. Hakimu akamuuliza, kwani mliomba kesi iahirishwe ili mumtafute? Inspekta akainamisha kichwa kwenye faili lake.

Mzee wa Vanga alikuwa jambo jingine. Hapo inspekta alikuwa na hoja, na moyo wangu ulianza kwenda mbio kwa sababu hoja yake ilikuwa imesimama juu ya tafsiri yangu. Alisema: Mheshimiwa, mshtakiwa hakuandikisha polisi kwamba alikuwa mji mwingine. Alipomhoji shahidi wa kwanza, alichokana ni kuwa pale bandarini tu. Tazama kumbukumbu. Jibu la shahidi ni "ulikuwepo, nilikumulika". Mtu aliyekana kuwa bandarini anaweza kuwa nyumbani kwake amelala, hatua mia moja kutoka hapo. Sisi tungeijuaje Vanga?

Nilikuwa nimesimama na kalamu mkononi. Nilijua kijana alisema "sikuweko". Nilijua kwamba kwa sikio la mtu wa kwetu lile lilikuwa onyo tosha: huyu anasema hakuwa mjini, nendeni mkamuulize alikuwa wapi. Lakini onyo lile lilifia kinywani mwangu kabla halijafika kwenye karatasi. Nilitaka kusema. Karani hasemi mpaka aulizwe, na mimi siku ile sikuthubutu. Hilo ndilo linalonirudia.

Hakimu alianza kufunua kurasa kurudi nyuma. Karatasi za kuandikia kwa mkono zina sauti yake, na chumba chote kilikuwa kinazisikiliza. Akafika kwa shahidi wa pili, mvuvi mwenzake kijana, aliyetoa ushahidi karibu miezi mitatu kabla ya siku ile. Akasoma kwa sauti, nami nikatafsiri: "Mimi sijui habari ya msiba wowote. Nilikuona kwa macho yangu."

Akamtazama inspekta. "Shahidi wako alijibu habari ya msiba. Aliulizwa nini?"

Hakuna swali kwenye kumbukumbu, lakini jibu lilikuwa limelibeba. Mtu hasemi "sijui habari ya msiba" kama hakuulizwa juu ya msiba. Kijana, kwa ujinga wake wa sheria na akili yake ya kuzaliwa, alikuwa amemuuliza shahidi wa pili ulinionaje na mimi nilikuwa msibani, na inspekta alikuwa ameketi hapo hapo mezani akisikia. Kuanzia siku ile alikuwa na miezi mitatu ya kumuuliza mpelelezi wake: msiba gani, wa nani, wapi? Jambo halikuwa jipya. Lilikuwa limekaa kwenye faili likingoja mtu alisome. Ombi likakataliwa lote.

Kuna watu husoma habari kama hii wakadhani kwamba ombi likikataliwa, mshtakiwa ameshinda. Sivyo. Mwaka 1939, katika kesi ya Sukha Singh, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kwamba anayedai hakuwepo aseme mapema, kwani akichelewa watu watashuku kwamba alikuwa akiupika utetezi wake, na akiwahi polisi watapata nafasi ya kuuchunguza na pengine kesi isiendelee kabisa. Hakimu ana haki ya kuupima utetezi uliochelewa pamoja na ushahidi wote wa upande wa pili. Lakini mshtakiwa habebi mzigo wa kuuthibitisha. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema hivyo waziwazi katika kesi ya Kiarie mwaka 1984: inatosha utetezi huo ukiingiza shaka yenye mantiki akilini mwa mahakama. Tanzania Bara wamechukua njia nyingine: sheria yao inamtaka mshtakiwa atoe taarifa ya utetezi wa namna hiyo kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au angalau atoe maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga, na asipofanya hivyo mahakama inaweza kuamua kutoupa utetezi ule uzito wowote. Naielewa faida yake. Inapunguza mambo ya kushtukizana. Ila nikimfikiria kijana yule bila wakili, sioni nani angemwambia kwamba kuna taarifa inatakiwa.

Alipoachiliwa, wiki kadhaa baadaye, mzee mwenye mashine alinifuata nje chini ya mwembe tulikokuwa tukila mihogo. Hakuwa na hasira. Alisema, "Mama, hebu nieleze. Yule fundi amekatazwa kusema kweli?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo. Yeye hakutaka kijana asiye na hatia afungwe. Alitaka kujua mashine yake iko wapi, na kulikuwa na mtu aliyedai kujua ambaye mlango ulifungwa usoni pake. Nilimwambia fundi hakukatazwa, ila polisi walitakiwa kumleta mapema, na kwamba kama tukiruhusu walete watu kila wanapoona kesi inawaponyoka, basi hakuna kesi itakayokwisha na hakuna mtu atakayejua ni lini anajitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo wao wamekosea, mimi ndiye niliyeadhibiwa," akaniaga kwa adabu akaenda zake. Bado naamini hakimu aliamua sawasawa. Na bado naamini mzee yule alisema kweli. Sijapata namna ya kuyapatanisha hayo mawili, na nimeacha kujilazimisha.

Kuna mlango wa uani pia, na mwandishi mwaminifu hana budi kuutaja. Kifungu cha 150 kinairuhusu mahakama yenyewe, wakati wowote wa kesi, kumwita au kumrudisha shahidi, na kinailazimisha kufanya hivyo kama ushahidi wake ni muhimu kwa uamuzi wa haki. Mwendesha mashtaka aliyekataliwa kwa kifungu cha 212 huwa anabisha hapo. Mheshimiwa, basi mwite wewe. Nimewaona mahakimu wakikubali. Nilikuwa sipendi, kwa sababu mtu aliye kizimbani hana njia ya kutofautisha shahidi wa hakimu na shahidi wa polisi: kwake yeye wote wamekuja kumfunga. Kifungu chenyewe kina ulinzi wake, kwamba kila upande upewe nafasi ya kumhoji shahidi huyo na kesi iahirishwe kama maandalizi yanahitajika. Lakini hakimu akianza kuziba mapengo ya upande mmoja, hata kwa nia njema, mshtakiwa anaona watu wawili wamehamia meza moja.

Tangu Katiba ya 2010 hali imebadilika kwa namna moja kubwa. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kuarifiwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutegemea. Siku zangu za mwanzo watu walikuwa wakisimama kizimbani bila kujua shahidi anayefuata ni nani, achilia mbali atakachosema. Leo wanapewa maelezo ya mashahidi. Kwa mtazamo wangu haki hiyo imeongeza uzito wa kifungu cha 212: kama umempa mtu orodha na maelezo, akajiandaa kwayo, kisha unaleta mwingine asiyekuwemo baada ya yeye kumaliza kusema, sababu yako iwe nzito kweli.

Sababu nzito zipo. Nisingetaka msomaji aondoke akidhani kifungu kile ni cha kumzuia tu mwendesha mashtaka.

Baada ya kesi ya mashine, inspekta yule yule alibadilika. Alinunua daftari dogo la jalada la kijani, lile la shule, na kila mshtakiwa alipokuwa akimhoji shahidi, inspekta aliandika maswali. Majibu aliyaacha, hayo hakimu alikuwa akiyaandika. Sikuwahi kumuuliza. Nilijua.

Mwaka uliofuata ikaja kesi ya mtu aliyeshtakiwa kuvunja duka usiku. Katika kesi yote hakuuliza chochote kinachohusu alikokuwa. Aliwauliza mashahidi kuhusu kufuli, kuhusu mwangaza wa taa, kuhusu fedha zilizokuwemo. Kwa polisi alikuwa amesema tu kwamba hajui lolote. Alipowekwa kwenye utetezi, alitoa mfukoni kadi ya zahanati ya serikali, imepigwa mhuri, inaonyesha kwamba usiku ule alilazwa kwa malaria na kuwekewa maji. Kadi ilipokelewa kuwa kielelezo cha utetezi.

Inspekta alisimama na daftari lake. Aliomba kumleta mtunza kumbukumbu wa zahanati ile pamoja na kitabu cha wagonjwa cha mwezi ule, na hakuomba mtu mwingine yeyote. Alipoulizwa kama hakuweza kulijua jambo hilo mapema, alilifungua daftari akasoma maswali yote ambayo mshtakiwa aliwauliza mashahidi wanne, moja baada ya jingine. Hakukuwa na zahanati ndani yake, wala ugonjwa, wala "sikuwepo", wala "sikuweko". Hakimu akampa ruhusa, akamweleza mshtakiwa kwamba atakuwa na nafasi ya kumhoji shahidi huyo, na kwamba akitaka kuita mtu wa zahanati upande wake, aseme. Akaahirisha kesi kwa wiki moja.

Mtunza kumbukumbu alikuja na kitabu kikubwa kilichofungwa kwa kitambaa. Kilifunguliwa juu ya meza yangu. Nambari iliyokuwa kwenye kadi ya mshtakiwa ilikuwepo kwenye kitabu, tarehe ile ile, na mbele yake kulikuwa na jina la mtoto wa kike, miaka 4, kuhara. Nilisoma mstari ule kwa sauti, kisha nikautafsiri. Mshtakiwa aliushika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Una swali kwa shahidi huyu?" nikamfikishia maneno ya hakimu.

Alikaa kimya muda. Kisha akauliza, "Hicho kitabu usiku huandikwa na nani?"

Shahidi akasema huandikwa na muuguzi wa zamu, na kwamba zamu ikiwa na wagonjwa wengi, muuguzi huandika kwenye karatasi kisha hunakili asubuhi.

Hakimu akaliandika jibu lile neno kwa neno. Inspekta naye alikuwa ameinama juu ya daftari lake la kijani, akiandika swali.